Mkono Uliobeba Unga wa Kivuli

Asikudanganye mtu, kazi ya kutambua ukungu wa miti haina sifa wala raha. Unaamka, unatembea, unainama, unachungulia jani, unainuka kiuno kikikulalamikia, unakwenda mti wa pili. Somoe Mkwanda alikuwa ameifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Asubuhi ile, alipokuwa anateremka bonde la Namihanje na begi lake mgongoni, alikuwa amechoka uchovu ule ambao hata ulale siku nzima hauondoki.

Mbele yake bonde zima lilikuwa jeupe. Mikorosho ilikuwa myeupe tangu matawi ya chini hadi kileleni, na wigo wa mibono uliozunguka mashamba ulikuwa mweupe vilevile. Zamani weupe juu ya jani la mkorosho ulikuwa na maana moja tu, ubwiriunga, na dawa yake ilikuwa salfa na dua. Lakini jua la siku hizi si lile la mababu. Lilipoanza kuyakaanga majani yakiwa bado mtini, Baraza la Miti likatengeneza ukungu wake lenyewe, ukungu mpole, unaotanda juu ya jani na kulirudisha jua lilikotoka. Wakauita Unga wa Kivuli. Mti uliopakwa unga huo ulikunywa maji kidogo, na chemchemi zilizokuwa zimekufa zikaanza kutoa maji tena. Namihanje ilikuwa na watu kwa sababu hiyo, sababu nyingine hakuna.

Shida ni kwamba ubwiriunga wa porini haukufa. Ulibaki kule kule vichakani, nao ni mweupe, nao ni unga, na ukiuangalia kwa macho matupu huwezi kuutofautisha na ule mpole. Ukiupata, unachoma bonde. Ndiyo maana kulikuwa na watu kama Somoe.

"Myao kafika!" sauti ilipigwa kutoka kwenye mlango wa wigo. "Wenye majogoo fungeni majogoo!"

Ilikuwa sauti ya Esha Chinyanga, msimamizi wa miti ya bonde lile, mwanamke mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani na mikono miwili kiunoni.

"Majogoo yenu nani anayataka?" Somoe alijibu kabla hajafika. "Nyie Wamakonde si mna panya? Au mmeshawamaliza?"

"Tumekubakizia mkia. Uko chunguni, unakungoja."

"Kula wewe, uongeze huo mwili."

"Sikiliza hilo! Mdomo kama debe. Na hata kuamkia hujaamkia, wakati mimi nimekutangulia kuzaliwa. Kwenu hamfundishwi adabu?"

Wakacheka, wakashikana mikono, wakacheka tena. Wayao na Wamakonde ni watani tangu enzi. Msibani mtani ndiye anayechimba kaburi huku akimsimanga marehemu, na hakuna wa kununa. Waliotunga sheria za Baraza walikuwa werevu, wakaichukua desturi hiyo wakaiweka kwenye sheria: mtambuzi apelekwe kwa watani zake, ili habari mbaya itoke kwenye kinywa kisichonuniwa. Na kama bonde ni la kuchomwa, mti wa kwanza auwashe moto yeye kwa mkono wake, ndipo ndege za moto zije zimalize mingine.

Werevu hao hawakuwahi kusimama pale moto unapowaka. Somoe alikuwa amesimama. Mabonde yote mengine ya zamu yake yalikuwa yamechomwa, moja baada ya jingine, na siku hizi alipokwenda kuwakagua watu wake kwenye miti mipya walikohamishiwa, hakuna aliyemtania. Walimwamkia. Walimpa kiti, walimpa maji, wakamwita mama, hata vikongwe ambao wangeweza kumzaa. Adabu ile ilimuumiza kuliko matusi. Namihanje ndiko kulikobaki, mahali pekee ambapo bado alitukanwa, na kila mwaka aliiweka mwisho wa zamu, kama mtoto anayebakiza kipande cha nyama pembeni ya sahani.

*

Walianza na shamba la juu. Somoe alivaa Kioo chake, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachokaa juu ya jicho, akashika tawi la kwanza.

Kwanza unautaja mti. Hilo ndilo wanafunzi hulidharau, na ndilo lenye maana kuliko yote, kwa sababu kila ukungu wa aina hii una mti wake. Wa mkorosho haugusi mbono, wa mbono haujui mbaazi ni nini. Ukiukosea mti, umekosea kila kitu. Halafu unaangalia unga umekaa upande gani wa jani, juu au chini, na kama ukiupangusa kwa kidole unatoka au unabaki na doa. Halafu unachukua utepe angavu wa gundi, unaubandika juu ya weupe, unaubandua, unauweka chini ya Kioo. Hapo utaona vijiyai vya ukungu. Ukungu mwingine huvitunga kama shanga kwenye uzi, mwingine huvitoa kimoja kimoja.

"Mkorosho," Somoe alisema.

"Mkorosho," Kioo kiliitikia, kwa ile sauti yake laini ya mtu asiyejua kuchoka. "Unga upande wa juu. Vijiyai kimoja kimoja. Unga wa Kivuli. Salama."

"Umesikia?" Esha alisema kwa majivuno. "Salama! Mwaka huu maua yamejaa hadi matawi yanainama. Tena hili shamba la juu, haki ya Mungu, lilikuwa limeshatutoka."

"Limewatokaje?"

"Mwe! Hukupata habari? Msimu uliopita mvua ilitupiga mvua ya hasira. Ikausomba unga wote wa mikorosho, miti ikabaki uchi. Tukawaita Kituo, hao wa Baraza wanaotuletea unga, wakatuambia subirini. Tusubiri nini, na majani yanakaangika? Nikawaambia wanawake wenzangu, tusikae kama mabwege, twendeni wigoni. Tukakata matawi ya mibono yaliyojaa unga, tukapanda nayo juu ya mikorosho, tukayakung'uta kama bibi zetu walivyokuwa wanapuliza salfa. Nyumba isiyo na wigo mzuri ikaomba tawi kwa jirani, kama tunavyoombana makaa asubuhi. Siku za mwanzo haukushika vizuri, tukakata tamaa. Halafu, ghafla, ukashika! Tazama mwenyewe."

Somoe alikuwa anatazama. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya tawi.

Unga wa Kivuli ulitengenezwa wa koo mbili, ukoo mmoja wa mikorosho na ukoo mmoja wa mibono. Kila ukoo ukiwa peke yake ni tasa: unatanda, unatoa vijiyai vinavyofanana nao, umande ukikatika unakufa, na mwakani Kituo kinaleta mwingine. Ndiyo ahadi waliyoitoa Baraza. Lakini koo hizo zikikutanishwa juu ya jani moja, zinaweza kuoana. Maofisa walikuwa wakiwaambia watu, "Kila unga na mti wake," basi. Kwa nini, hawakusema. Walihofia kwamba watu wakijua unga unaweza kuzaa wataukataa kabisa. Asiyejua maana haambiwi maana, ndivyo mkubwa mmoja alivyowaambia watambuzi kwenye semina, na ukumbi mzima ukacheka. Somoe naye alikuwa amecheka.

"Nani mwingine anajua hii njia yenu?" aliuliza.

"Wote! Tulikwenda harusini Mkomanile, tukawafundisha. Nao wana ndugu zao Chiwindi. Kitu kizuri utakificha?"

*

Somoe aliligeuza jani. Akaligeuza jingine. Akaomba tawi la juu kabisa, na Esha akalivuta kwa ngoeko, fimbo yake ndefu yenye kulabu, huku akimtania kwamba Wayao ni wafupi kwa sababu ya maneno mengi.  Kwenye kikonyo cha ua, palipofichwa na weupe, palikuwa na vumbi jeusi, vitone vidogo kama pilipili manga iliyosagwa.

Akabandika utepe, akaubandua, akauweka chini ya Kioo.

"Mkorosho," Kioo kilisema. "Unga wa Kivuli. Salama."

Kioo kilifundishwa kutazama vijiyai, na vijiyai vilikuwa sawasawa. Punje nyeusi hakikufundishwa, maana walioutengeneza unga ule walikuwa wameapa kwamba punje haziwezi kuwapo. Lakini Somoe alisomea kazi hii kabla ya Kioo. Punje nyeusi ndiyo mbegu ngumu ya ukungu. Inakaa kwenye nyufa za magamba ya mti, jua linapita, kiangazi kinapita, na umande wa kwanza ukiiloweka inapasuka na kumwaga wana wake hewani. Kila punje ina nywele, na nywele hizo ndizo zinazoutaja ukoo. Zipo zenye ncha iliyopinda kama ndoana. Zipo zilizogawanyika pacha, na kila pacha pacha tena. Zipo zilizonyooka kama sindano na kuvimba shinani. Alizijua zote. Hizi alizoziona sasa zilikuwa na ndoana upande mmoja na pacha upande wa pili, na katika miaka yake yote hakuwahi kuziona.

"Somoe." Esha alikuwa ameacha kucheka. "Mbona umekuwa kama uliyeona nyoka?"

"Twende kwenye chemchemi."

"Mashine imesema salama. Nimeisikia."

"Twende, Esha."

Walitembea bonde zima kwa urefu wake, na Somoe alikuwa anaomba Mungu kimoyomoyo kwamba iwe ni shamba la juu peke yake. Shamba la juu wangeweza kulikata. Wangechoma kona moja, wakachunga mpaka, akaandika maelezo marefu. Alisimama kwenye kila kundi la miti, akabandika utepe, akatazama, akasonga mbele. Esha alimfuata nyuma, akimshikia matawi.

Kwenye chemchemi kulikuwa na mikorosho mikubwa kuliko yote. Punje zilikuwepo. Kwenye wigo wa mibono unaozunguka maji, punje zilikuwepo. Na pembeni, kwenye mibaazi iliyojiotea yenyewe, ambayo hakuna mtu aliyeipaka unga wowote maishani, majani yalikuwa meupe.

Somoe alikaa chini kwenye nyasi. 

"Niambie," Esha alisema. "Nimekuuliza nyumbani kwangu, niambie."

Akamwambia. Akamwambia yote, koo mbili na ndoa yao, na mtoto aliyezaliwa, na kwamba mtoto huyu hachagui mti. Mkorosho anaula, mbono anaula, mbaazi anaula, na kesho mwembe, na kesho kutwa chochote chenye jani. Akamwonyesha kwenye Kioo jinsi uzi wa ukungu ule ulivyozamisha mirija yake ndani ya ngozi ya jani na kuning'inia pale ukinyonya. Ule mpole hunyonya kidogo na kuacha. Huu ulikuwa haujui kuacha. Maua yaliyojaa yangenyauka kabla ya kufunga korosho hata moja.

Esha alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni sisi," alisema polepole. "Ni mimi."

"Hamkuambiwa sababu."

"Tuliambiwa kila unga na mti wake."

"Hamkuambiwa sababu, Esha."

"Na wewe uliijua?"

Somoe aliitikia kwa kichwa. Esha akamtazama kwa muda, halafu akatazama maji.

*

Watu wa Namihanje hawakulia mbele ya wanawake hao wawili. Walipoambiwa walikwenda wakaanza kufunga mizigo, maana sheria waliijua, na kila mmoja alikuwa na ndugu aliyechomewa. Bonde likichomwa, Baraza huwahamishia watu wake kwenye miti mingine, sehemu nyingine, na baada ya misimu michache wanaanza kuvuna. Ni uchungu, lakini watu huishi. Esha alilijua hilo. Aliporudi kwa Somoe jua likiwa utosini, amejifunika khanga kwa ajili ya joto, hakuja kuiombea miti.

"Choma," alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Najua. Ukiiacha hii, Mkomanile wanakufa, na nyanda za juu zote. Sikuombi hilo."

"Unaniomba nini?"

"Ukitaja, watakuuliza njia."

Somoe alikuwa analingoja neno hilo. Mtambuzi anapoutaja ukungu mbele ya wenye miti, huulizwa mti, ukungu, na njia, yaani umefikaje. Majibu ya njia ni machache: upepo, maji, mnyama, mkono. Ikiwa ni mkono, mwenye mkono hapewi tena mti mahali popote, wala yeye wala uzao wa tumbo la mama yake. Watu wa namna hiyo huitwa watu wa juani. Wanaishi kandokando ya barabara chini ya maturubai, na watoto wao huwa na macho yaliyokwisha kabla ya ujana.

"Sema upepo," Esha alisema. "Neno moja. Upepo hauna mama."

"Esha."

"Mwanangu Ajira ana mimba. Mdogo wangu ana wanawe wanne. Wao hawakukung'uta tawi. Nimekung'uta mimi, nikawashawishi wengine. Na nilifanya hivyo ili miti ipone, Somoe! Wewe mwenyewe unajua. Ungekuwa ni wewe, na miti inakaangika mbele yako, ungekaa?"

"Nisingekaa."

"Basi sema upepo."

Somoe alitaka kusema upepo. Haki ya Mungu alitaka. Alikuwa amechoka kuwa mtu anayesema kweli, kazi ambayo haina mwisho na haina shukrani. Uongo huu ulikuwa mdogo, wa huruma, na ulikuwa ulimini tayari. Nani angeumia? Alijaribu kujijibu kwamba hakuna, akashindwa. Njia ikiwa upepo, Baraza huangalia upepo unakoelekea, basi. Njia ikiwa mkono, siku hiyo hiyo wapiga mbiu hufika kila bonde na kueleza watu waache kufanya nini na kwa nini. Mkomanile walikuwa na mvua yao juzi. Mikorosho yao ilikuwa imeoshwa. Huenda muda ule ule, wakati wao wawili wanazungumza, mwanamke fulani wa Mkomanile alikuwa juu ya mti na tawi la mbono mkononi, anakung'uta kama alivyofundishwa harusini.

"Kuna Mkomanile," alisema. "Kuna Chiwindi. Umewafundisha mwenyewe."

"Utapita wewe uwaambie."

"Kwa miguu hii? Msimu wa umande umeshafika. Na nikipita, nani atanisikiliza? Mimi siku hizi ni bundi, Esha. Nikitua juu ya paa watu wanaanza kufunga mizigo."

"Waambie ni mimi niliyekutuma."

"Nikisema wewe ndiye uliyenituma kuwaambia wasikung'ute, si nimeshakutaja?"

 Palepale Esha alionekana mzee.

"Nilidhani mtani ni mtu wa kunichimbia kaburi," alisema. "Sikujua ni mtu wa kunifukia mzima."

Ilikuwa ni utani, au ilikuwa na umbo la utani. Somoe alijaribu kucheka, akaanza kulia pale pale kama mtoto, na Esha hakumbembeleza, akasimama tu kandoni mpaka yalipokwisha.

*

Walikusanyika kwenye chemchemi, watu wa bonde wote, na mizigo yao ikiwa imepangwa kando ya njia. Somoe alikishika Kioo mbele ya kinywa chake kama sheria inavyotaka. 

"Mti?" Kioo kiliuliza.

"Mkorosho. Mbono. Mbaazi."

"Ukungu?"

"Uzao wa koo mbili za Unga wa Kivuli. Punje nyeusi zipo, zimekomaa."

 Kioo kilikuwa kimeshasema salama, na sasa kilikuwa kinajibiwa na binadamu kwamba si salama. Na sheria ilikuwa upande wa binadamu, tangu mashine ilipochoma bonde zima kwa sababu ya vumbi la mahindi.

"Imepokelewa. Njia?"

Watu walikuwa wanamtazama. Ajira alikuwa mstari wa mbele, mkono juu ya tumbo. Somoe alimwona, akaona na matawi meupe nyuma yake, akavuta pumzi.

"Mkono," alisema.

Minong'ono ilipita.

"Mkono wa nani?"

Hapo Somoe aliishiwa. Neno lile la kwanza lilikuwa limemtoka kwa nguvu ya mwisho aliyokuwa nayo. Jina alikuwa nalo, lilikuwa rahisi, silabi nne, tano, lakini kinywa kilikataa kama punda aliyefika mtoni. Alisimama na Kioo mkononi. Alifikiri kusema wangu. Alifikiri kusema sijui. Kioo kiliuliza mara ya pili, kwa sauti ile ile laini.

Esha akatoka kwenye watu. Alikuja taratibu, akamshika Somoe kifundo cha mkono, akakisogeza Kioo mbele ya kinywa chake mwenyewe.

"Wangu," alisema. "Esha binti Chinyanga. Nilikata matawi ya mibono yenye unga nikayakung'uta juu ya mikorosho, na nikawafundisha wa Mkomanile. Waambieni waache. Waambieni leo. Na waambieni sababu, maana mimi sikuambiwa."

"Imepokelewa," Kioo kilisema.

Ajira alipiga ukelele mmoja. Wanawake wakamshika.

*

Moto huwashwa alfajiri, upepo ukiwa haujaamka. Usiku ule hakuna aliyetaniwa wala aliyetania. Kulipokucha watu walikuwa wameshapanda juu ya kilima na mizigo yao, na ndege za moto zilikuwa zimefika na kutua ukingoni mwa bonde, zinangoja mti wa kwanza.

Desturi ilimtaka mwenye bonde amkabidhi mtani moto. Katika misiba hapo ndipo matusi huwa makali kuliko yote: mtani humwambia mfiwa kwamba marehemu alikuwa mwizi wa mboga, mfiwa humwambia mtani achimbe vizuri maana kaburi la pili ni lake, na watu hucheka na machozi yakiwatoka. Somoe alikuwa ameyaandaa maneno. Alikuwa ameyarudiarudia usiku, matusi mazuri, juu ya panya na mikia na mwili wa Esha, kwa matumaini kwamba akitukana kwanza atatukanwa.

Esha alikuja na mwenge wa nyasi uliochovywa mafuta ya maganda ya korosho. Ulikuwa unawaka, moshi wake unachoma macho. Kitambaa chekundu hakuwa nacho, alikuwa amejitanda khanga kuukuu hadi usoni kama watu wa juani wanavyojitanda, tayari kwa barabara.

"Haya, mla panya," Somoe alianza, na sauti yake ikamsaliti katikati. "Lete huo moto kabla haujakuunguza huo..."

Esha alimkabidhi mwenge kwa mikono miwili. Akarudi nyuma hatua, akapiga goti kidogo, kama mtoto wa kike aliyefundwa anavyofanya mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mafuta yalikuwa yanadondoka kwenye nyasi. Kule kilimani mtu alikohoa. Somoe alimtazama mwanamke yule aliyemtangulia kuzaliwa, akangoja, akangoja tena, labda kuna kicheko nyuma ya khanga. Hakikuwepo.

"Marahaba," aliitikia, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuitikia, akageuka akaupeleka moto mtini.